Pange wa Mgongoni

Ninyi vijana wa Kasenga, kwa shule mmeniacha mbali, lakini hili sikieni. Pange mnamjua: yule nzi mkubwa wa kando ya maji, mwenye kuuma kama sindano, tena hupenda mgongo, pale mkono wako haufiki. Ndiyo maana kwetu mtumbwini mtu haui pange wake. Anatulia, na aliye nyuma yake anampiga kofi.

Siku moja ya ujana wangu haijanitoka. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi Makobola, na wifi yangu Furaha, dada wa mume wangu, tulikuwa tumegombana juu ya sufuria. Wiki nzima hatukusemezana. Tukapanda mtumbwi kupeleka mihogo Uvira: mvuvi mmoja mzee akipiga kasia, Furaha katikati na mtoto wake mchanga mapajani, mimi mbele.

Mara pange! Katikati ya mabega.

"Tulia weye, iko mugongoni, nimupige," Furaha akasema.

"Usiniguse! Kofi yako naijua."

"Haya, akule ashibe!"

Nikasimama nijichape na kitambaa. Mwanangu, kusimama mtumbwini!

"Kaa!" mzee akapiga kelele. Wapi! Mtumbwi ukalala ubavu, sote majini, na mtoto akaponyoka mikononi mwa mama yake.

Nikaona kitenge chake chekundu kinazama. Nikapiga mbizi, nikashika kimguu, kikateleza, nikakishika tena, nikambeba juu. Kimya! Mzee akampindua juu ya ubavu wa mtumbwi, akamgonga mgongoni mara mbili, maji yakatoka, akalia! Mpaka leo sijasikia wimbo unaopita kilio kile.

Tukiwa bado tumening'inia mtumbwini, Furaha akahema, akasema, "Iko ingine shingoni."

Nikainamisha kichwa. "Piga, wifi."

Akapiga. Kofi la wiki nzima lile!

Hasira hasara, mnaimba kila siku. Mimi nakwambia, mwanangu: hata uliyegombana naye anaona mahali ambapo macho yako hayafiki. Akikuonya, mshukuru, ugomvi mtaumaliza nchi kavu. Mungu awafikishe ng'ambo nyote, hata mnaonuniana.

Na leo asubuhi wajukuu zangu wawili walikuwa wanakwenda ziwani, kila mmoja amegeuza uso upande wake. Nikasimama mlangoni: "Hakuna kupanda mutumbwi. Kaeni hapo chini, musemezane kwanza."