Tulivyozifuata Seli Shina Hadi Pemba

Nilimpeleka kaka yangu Saidi hospitali ya Pemba, ule mji wa bara na si kisiwa, kwa sababu binti yake alikuwa anaolewa Ijumaa, naye alikataa kwenda msikitini kumwozesha. Mwaka juzi alianguka kutoka juu ya mnazi, akaumia uti wa mgongo. Kutembea amejaliwa kurudia. Mkojo ndio haumtii.

"Nikilowesha mkeka mbele ya wakwe, binti yangu ataishi vipi kule?" aliniambia.

Mimi niliondoka kijijini kwetu Quionga bila viatu, nikarudi na diploma ya umeme na gari langu mwenyewe. Kusoma sikosi. Katika simu nilikuta habari za seli shina, yaani chembe changa za mwili zinazoweza kukua zikawa chembe za aina nyingine, pengine hata kuponya mishipa ya fahamu ya kibofu. Nikamwahidi kaka kwamba tunakwenda kuzitafuta.

Jumatatu alfajiri tulitoka, tukapita Palma wenye pikipiki wakifuta umande kwenye viti. Safari niliipanga kifundi: kaka asinywe maji tangu mchana wa jana yake, tusisimame kila kichaka.

Saa nne tulikuwa Awasse. Wanajeshi walikagua hati zetu, kisha tukaketi kwa Mama Tereza, muuza chai wa njia panda. Kaka alisukuma kikombe chake.

"Kwenu Ramadhani imeingia mapema?" mama akauliza.

"Muulize huyu fundi. Amenifunga koki."

Nilicheka kuliko wote.

Saa tisa alasiri tulifika Pemba. Daktari, mama mmoja mpole, alinisikiliza hadi mwisho.

"Umesoma vizuri," alisema, nikakaa wima. "Lakini tiba hiyo bado inajaribiwa. Anayekwambia anaiuza leo, mkimbie."

"Chembe hizo zinajuaje zigeuke mshipa, zisiwe kitu kingine?"

"Hapo ndipo watafiti wanapoumiza vichwa." Akamgeukia kaka. "Baba, leo umekunywa maji kiasi gani?"

Kaka alininyooshea kidole. Ikabidi niseme mwenyewe kwamba nilimkataza kunywa.

Daktari alimpima, akamkuta na homa. Mkojo uliolala kibofuni, alieleza, huleta maradhi yanayoweza kupanda hadi kwenye figo, na kujinyima maji huzidisha hatari. "Umeme unaujua, bwana. Figo niachie mimi."

Tulikaa siku mbili. Kaka alitibiwa, na nesi akamfundisha kujitoa mkojo kwa mpira mwembamba unaoingizwa hadi kibofuni, mikono ikiwa safi, kwa saa maalumu. Mara ya kwanza alinitaka nikae karibu. Mara ya tatu akanifukuza: "Toka nje, mimi si waya wa kukaguliwa!"

Alhamisi tulirudi, safari hii tukisimama kila alipohitaji. Ijumaa, kabla ya kwenda msikitini, kaka alijifungia chumbani kidogo na mpira wake. Kisha msikitini akakaa mkekani, akamshika mkono bwana harusi, akamwozesha binti yake kwa sauti iliyofika hadi kwangu nyuma. Mkeka ulibaki mkavu.

Nimejifunza kwamba habari inaweza kuwa ya kweli na bado tiba yake isiwe tayari. Seli shina naendelea kuzisoma, na maswali yangu sasa naanzia kwa daktari. Siku tiba hiyo itakapokuwa tayari, kaka nitampeleka mwenyewe. Kwa leo figo zake ni nzima, na mkwe tunaye.