Kipimo changu cha nguvu za miguu kilivyomuonea binti wa Kagerankanda

Wakuu, habari za mchana. Niko Kasulu, na hili naliandika bila chumvi maana mkosaji ni mimi mwenyewe.

Nafundisha michezo. Mwezi uliopita nilibaki na nafasi moja ya msichana wa miruko kwenye timu ya wilaya. Adela, binti kutoka kijiji cha Kagerankanda, alikuwa anaitaka kuliko chakula.

Kipimo changu ni rahisi. Unasimama ubavu kwa ukuta, unanyoosha mkono wenye chaki, unaweka alama. Kisha unaruka hapohapo, unagonga juu uwezavyo. Napima tofauti.

Adela akapata sentimita 31. Nikamkata.

(Nilishamwona akiruka mfereji shambani kwao, nikashangaa. Ila nikaamini futikamba kuliko macho yangu.)

Jioni Madam Scola, aliyekuwa anaandika matokeo, akaniuliza, "Mwalimu, hukuuona mkono wake wa kushoto? Alishika sketi muda wote."

Looh!

Wavulana walikuwa wamejipanga pale wanatazama. Binti gani wa huku angerusha mikono yote miwili? Na usiporusha mikono, mwili haupandi. Nilikuwa napima aibu yake, nikaiita nguvu.

Nilijichukia. Kesho yake nikafuta orodha nzima.

Wasichana wote upya: bukta, wavulana nje ya uwanja, pasha mwili kwanza, trial tatu tatu, kupumzika vizuri katikati, nachukua ya juu. Baada ya siku mbili tukarudia yote, maana namba ya siku moja inaweza kuwa bahati tu. Mkuu wa shule akalalamika kwamba majina yanachelewa. Nikamwambia yatachelewa.

Adela: 44. Siku ya pili, 45. Nafasi ikawa yake, na hakuna aliyebisha.

Funzo: kabla hujaandika "huu ndio mwisho wa uwezo wake", hakikisha hakuna kinachomzuia kuutoa.

Sasa kinachoninyima raha. Mwaka jana nilikuwa nafundisha Kibondo. Binti mmoja wa Busunzu nilimkata kwa kipimo hikihiki, trial moja, sketi, wavulana wanatazama. Alilia. Nikamwambia namba hazidanganyi.

Jumamosi napanda kwenda kwao kumwomba radhi. Kama bado anataka kuruka, nitampima upya hukohuko.

Mnaopima vijana, mmewahi kumkata mtu kimakosa? Semeni. Hata wa kunichana, karibuni.