Uso Kwenye Ukuta wa Saluni

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kuchora mabango lilikuwa kuzidisha rangi nyeupe kwenye uso wa dada yangu.

Kazi nilijifunza mwenyewe kwa kuiga maboksi ya bidhaa, miaka ile serikali iliporuhusu biashara huria na maduka ya Bariadi yakajaa vitu ambavyo hatukujua kama tunavihitaji. Mwenye saluni alitaka mwanamke ukutani. Dada yangu, mweusi wa kung'aa kama mama, akakaa mbele yangu kwenye stuli. Nilifuta pua ya pale ukutani na kuichora upya hadi akasinzia. Mwenye saluni akasogeza boksi la krimu karibu na makopo yangu.

"Fundi, mng'arishe. Nani atanilipa ili abaki na weusi alionao?"

Nikamng'arisha. Nikajisifu kwa ile pua niliyoichora.

Wakati huo ukuta wa shule ulikuwa tayari na maneno yangu, herufi zimenyooka: BINADAMU WOTE NI SAWA. Wazee walipita wakiyasoma kwa sauti, kisha wakawalaani makaburu wa Afrika Kusini. Sidhani kuna mji uliowachukia makaburu kama wetu. Walikuwa mbali, na kuwachukia hakukutugharimu hata kuku.

Ndipo wakaja watu wa Zagayu kuposa: baba wa kijana na ndugu zake, wakulima wa pamba, walioiona picha siku ya mnada na kuuliza ni binti wa nani. Walitaja ng'ombe wengi hata mjomba, msemaji wetu, akasahau kukohoa ili waongeze. Kwetu binti mweupe huongezewa ng'ombe. Kila mtu anajua, na hakuna aliyewahi kuuita ubaguzi.

Dada akaingia, akapiga magoti.

"Mwadila."

Hawakuitikia salamu. Baba wa kijana akamgeukia mjomba. "Bhabha, yule wa ukutani yuko wapi?"

"Ndiye huyu."

"Basi jua limemmaliza. Tuanze kupunguza."

Wakapunguza, wakimkagua mikono kama karani wa ghala anayetenga pamba safi na ile fifi ya bei ya chini. Mmoja wao alivaa fulana yenye ngumi nyeusi iliyoinuliwa juu, ile ya kuwapinga makaburu. Mimi kwenye kona nilikuwa nawaza, naona aibu kuandika, kwamba kumbe nimechora vizuri kiasi cha kuaminiwa.

Dada akasimama. "Baba zangu, yule mweupe yupo palepale saluni. Kamposeni. Hata ugali hali."

Mjomba akanong'ona, "Mayu, mama yangu, kaa chini, bado tunaongea!"

Hakukaa. Wakaondoka na ng'ombe wao wa mdomoni.

Kesho yake nilikwenda saluni na rangi ya kahawia na nyeusi, nikamrudishia uso wake. Mwenye saluni alinifukuza, akapaka chokaa ukuta mzima.

Dada ameolewa Mkula, kwa ng'ombe wachache kuliko wa picha, na mumewe alimwona yeye mwenyewe, si picha. Mjomba bado analalamika. Mimi sichanganyi tena rangi ya ngozi ya mtu kabla mwenyewe hajakaa mbele yangu.