Pua ya Binti wa Kotlu

Bibi yangu Bindro alikuwa tayari mama wa watoto watatu kabla hajachora sura ya mtu. Kazi yake ilikuwa kusugua karatasi kwa jiwe laini mpaka zing'ae kama ganda la yai, na kusaga rangi. Mchoraji alikuwa mumewe, babu yangu Jhanku, aliyemchorea Raja Bhupat, mfalme wa Bhalera, kama baba yake alivyomchorea baba wa raja.

Bhalera ilikuwa nchi ndogo ya milimani. Ukipiga chafya mpakani, jirani anakuitikia. Raja wetu hakupenda vita. Alipenda kula, na akishashiba aliegemea mto, akavuta kiko chake cha maji na kuletewa picha moja moja.

Wanawake wa picha hizo wote walikuwa na sura moja. Nyumbani kwetu kulikuwa na ngozi ya paa iliyotobolewa vitundu vidogo vidogo. Ukiiweka juu ya karatasi na kuipigapiga kwa unga wa mkaa, unapata mrembo: jicho la samaki, pua nyembamba, shingo ndefu. Ukimbadilisha ushungi, leo ni malkia, kesho ni muuza maziwa.

Raja alipofiwa na mkewe, baada ya matanga alielezwa habari za Sarup, binti wa raja wa Kotlu. Akamwagiza Jhanku alete picha yake. Babu akatoka jasho, maana mwanamume asingeruhusiwa kumwona binti yule. Jioni akaitoa ile ngozi.

"Baba Masto," Bindro akamwambia, "si ndivyo ulivyomchora mke wa waziri, waziri akauliza huyu ni nani?"

"Basi nenda ukamwone wewe, mwenye macho."

Alikuwa anamtania. Bindro akajifunga shali, akawaacha watoto kwa mama mkwe, wakavuka mlima pamoja.

Huko Kotlu wakamruhusu Bindro kuingia ndani kwa wanawake. Sarup alikuwa amekaa dirishani, anakula komamanga kwa chumvi. Alikuwa na sauti kubwa na pua ndefu iliyojipinda kidogo katikati, isiyoweza kufichika. Akamkaribisha, akampa komamanga, kisha akamkazia macho.

"Dada, wewe umetumwa kunitazama. Mimi nani atanitazamia huyo wenu?"

Bindro akachukua kipande cha mkaa, akainama, akamchora Raja Bhupat palepale sakafuni: tumbo, hereni, na macho yaliyofumbwa nusu kwa raha. Mpaka siku ile alikuwa amechora ndege tu, kwenye majivu, akisubiri chai ichemke.

Sarup alimwangalia mtu yule wa mkaa kwa muda, akacheka mpaka shangazi zake wakaja kuona kulikoni.

"Huyu hana kinyongo," akasema. "Anakoroma?"

"Walinzi wa lango wanamsikia, Bibi."

"Basi nami nichore hivyohivyo. Pua usiiguse. Ni ya baba yangu, na nitaondoka nayo."

Bindro alipomletea mchoro, babu aliona shamba alilopewa na raja likiota mbawa. Akataka kuinyoosha ile pua kidogo, kidogo tu. Bibi akamuuliza atasema nini siku ya harusi, bibi arusi atakaposhuka kwenye machela na pua nyingine. Wakabishana njia nzima ya kurudi. Mwishowe babu alitia rangi, akaiacha pua kama ilivyo, akaiongezea kipini cha lulu.

Raja aliishika picha. Waziri akakohoa. Raja akasogea dirishani kwenye mwanga.

"Jhanku, sura hii umeitoa wapi?"

Babu angeweza kuikubali kuwa kazi yake, na hakuna ambaye angejua. "Ni macho ya mke wangu, Mtukufu, na mkono wake. Mimi nimetia rangi tu."

"Miaka yote hii," raja akasema, "nimekuwa nikitazama mwanamke mmoja. Leo nimemwona wa pili."

Harusi ilifanyika kabla ya mvua. Sarup alipomwona mumewe kwa karibu, alimnong'oneza Bindro kwamba kwenye mchoro wake tumbo alikuwa amelipunguza. Wakaishi vizuri, kwa kelele na vicheko, na malkia akampa Bindro chumba chake cha kuchorea huko ndani.

Si kwamba wote walifurahi. Mama yake raja alimrudishia picha yake mara kadhaa kwa sababu ya makunyanzi, na Bindro kila mara akaongeza moja alilolisahau, mpaka kikongwe akachoka, akasema haya, ndimi. Wengine walipanga foleni: mwenye makengeza, mwenye rovu shingoni, yaya aliyelala mdomo wazi na mtoto wa mfalme mapajani.

Babu alinuna msimu mmoja, kisha akaanza kumwonyesha jinsi ya kutia dhahabu.

Picha zile ziliolewa pamoja na mabinti, zikatawanyika nyumba za mbali. Hazina jina lake. Wachoraji wa kwetu hawakuandika majina. Nilipokuwa msichana nilipelekwa Kotlu arusini, nikaona moja ukutani: mwanamke mnene anamenya njegere, amemkasirikia mtu asiyeonekana. Nikamuuliza mwenye nyumba ni nani.

"Nyanya yangu," akasema. "Alikuwa hivyo kila siku."