Mashuke Mlangoni

Nilikuwa darasa la tatu, tukiishi kwa bibi mzaa baba kule Machame, siku mama aliporudi kutoka Moshi mjini na mashina mawili ya nyasi kwenye mfuko wa rambo. Nyasi za mapambo. Alikuwa ameziomba kwenye bustani ya watu. Akazipanda pande mbili za mlango, akazimwagilia, akarudi nyuma hatua mbili kuziangalia. Sikuwa nimemwona akitabasamu vile tangu baba alipoacha kuja nyumbani Krismasi.

Kihambani kwetu, kwenye shamba la migomba linalozunguka nyumba, kila kilichoota kililiwa, na watu au na ng'ombe. Bibi alisimama na mzigo wake wa majani kichwani, akauliza, "Mama Aika, na hizi nani atakula?"

"Ni za kuangalia tu, mama."

Bibi akapeleka majani yake kwa ng'ombe. Lakini jioni, tukimenya ndizi, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba nyasi za namna ile zikitoa mashuke meupe mlangoni, mtu wa nyumba hiyo huondoka asirudi.

Nyumbani tulikuwa watatu tu. Bibi ndiye alikuwa mzee, kwa hiyo nikajua ni yeye atakayekufa. Kuanzia hapo, kila asubuhi kabla ya shule nilizunguka mbele na kisu cha jikoni, na shuke lolote lililochungulia nililikata nikalitupa migombani. Majani yale ni makali. Yalinichanja vidole, nikadanganya kuwa ni miiba.

Jumapili tukitoka kanisani, mama alichuchumaa kuzipekua nyasi zake. "Sijui zina nini," alisema. "Kule mjini zilikuwa zimechanua, zinapendeza!" Akaongeza samadi. Akahamisha shina moja lipate jua. Mimi nikanyamaza, na ukimya ule unaniuma mpaka leo. Hakuwa na kitu kingine chake pale.

Asubuhi moja akanikuta.

"Aika, unafanya nini?"

Nikamweleza yote huku nalia. "Zikichanua Bibi atakufa, mama."

Hakunigombeza. Alikaa kizingitini, akashika vidole vyangu, akaangalia michanjo mmoja mmoja.

"Ziache zichanue," akasema hatimaye. "Bibi hafi."

Hakusema kwamba hakuna atakayeondoka. Nililisikia pengo lile, lakini sikutaka kuuliza.

Mashuke yalitoka, meupe, marefu kunizidi. Hayakuwa yamepukutika bado mama alipokwenda Dodoma kutafuta kazi. Alisema atanifuata shule zikifungwa. Zikafungwa, zikafunguliwa. Alituma sare, baadaye akawa anapiga simu, baadaye simu zikapungua. Kiangazi chote kile nilimwona Bibi akizimwagilia nyasi zile.

Sasa nina umri aliokuwa nao mama, na nakaa peke yangu Rau, Moshi mjini. Sidhani tena kwamba nyasi zilimwondoa mtu. Nadhani Bibi alikuwa amemwona mkwe wake akififia ndani ya nyumba ya mume asiyekuja, akajua mwisho wake, ila hakupata namna ya kumwambia mtoto. Hata mama namwelewa. Sina kinyongo naye.

Lakini akipiga simu, huwa naiacha iite kwanza. Naisikiliza ikiita mpaka inakaribia kukata, ndipo napokea na kusema, "Shikamoo, mama."