Mwalimu Alipofunga Kizazi

Binti yetu wa sita alizaliwa mzima, amekunja ngumi kama mtu aliyekuja kudai haki yake. Aliyekaribia kufa ni mimi. Damu ilikataa kukoma. Kutoka kwetu upande wa Nyamira hadi hospitalini Kisii nilibebwa nyuma ya pikapu iliyokuwa imekuja kuchukua ndizi, nimelazwa juu ya majani makavu ya migomba. Nakumbuka nilitazama mawingu nikawaza kwamba sijamwambia mtu yeyote nilipoweka mbegu za wimbi. Hilo tu. Sikuwaza mbinguni wala nini.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kila mtu alimwita Mwalimu, nami pia, hata tulipokuwa wawili chumbani. Tulioana katika miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mpya, na watoto wakaanza kufuatana, wasichana watupu. Nilipopata nafuu kidogo, daktari alivuta kiti karibu na kitanda changu, akamwambia Mwalimu bila kuzunguka kwamba kizazi changu kilichanika na kimeshonwa. Mimba nyingine isingenipa hata nafasi ya kufikishwa hospitalini.

"Vidonge je?" Mwalimu aliuliza.

Vidonge nilikwisha kuvijaribu. Vilinivimbisha miguu na kunipasua kichwa. Koili nayo, ile inayowekwa ndani ya kizazi, ilinitoa damu mpaka wakaitoa. Daktari aliyajua yote hayo.

"Naweza kumfunga mama," alisema, "lakini sasa hana damu ya kupoteza. Itabidi tungoje apate nguvu, pengine mwaka mzima. Na katika kungoja huko, lolote linaweza kutokea."

"Na mimi?"

"Wewe vipi?"

"Nimesikia mwanamume naye hufungwa."

Daktari alimtazama vizuri, kana kwamba ndiyo kwanza amwone. Akaeleza. Kuna mirija miwili midogo inayopitisha mbegu za mwanamume. Unadungwa sindano ya ganzi, mirija inakatwa na kufungwa, na jioni unalala kwako. Nguvu hazipungui, ndevu hazidondoki. "Ila usije ukidhani utarudi kesho tukuunganishe," alisema. "Njoo kama mtu aliyemaliza kuzaa."

Alipotoka nilimgeukia mume wangu. "Umesahau huna mvulana?"

"Sijasahau."

"Tata atasema nini?" Tata ndivyo tunavyomwita baba kwa lugha yetu, nami nilimwita hivyo baba mkwe wangu.

Mwalimu alisogea karibu, akashusha sauti kwa sababu ya wagonjwa wengine. "Sikiliza, mama watoto. Ukifungwa wewe, nyumbani watasema huyu mwanamke amekwisha, wataniletea mwingine anizalie mvulana. Nikifungwa mimi, wataleta mwingine wa kazi gani?"

Niligeukia ukutani nikalia. Mgonjwa wa kitanda cha pili alidhani nimeletewa habari ya msiba, akanipa pole.

Hakuwa akibuni. Tata alikuwa amekwisha kumtaja msichana fulani wa upande wa Masimba, mrefu, wa ukoo wenye wavulana wengi. Mimi sikuambiwa usoni. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe wana heshima yao nzito. Yeye haingii nyumbani mwangu, mimi siketi alipoketi, na mambo ya mwili hayatamkwi baina yetu hata kwa mafumbo. Kwa hiyo alisimama uani akamwambia mwanawe kwa sauti kubwa, akijua niko jikoni.

Shule zilipofungwa Mwalimu alikwenda Kisii asubuhi, akarudi mchana akitembea kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Tuliwaambia watu kwamba ameota jipu mahali pabaya. Jirani akatuletea majani ya kulikanda. Mwalimu alimshukuru kwa dhati, akayaweka chini ya kitanda, nasi tukacheka mpaka akanisihi ninyamaze, maana kucheka kulimvuta mshono.

Daktari alikuwa ametuonya kwamba mbegu zilizobaki njiani bado zinaweza kutia mimba, kwa hiyo tungoje mpaka apimwe. Tukangoja. Siku aliyokwenda kupimwa na kichupa chake sikumaliza kupalilia hata mstari mmoja wa chai. Alirudi akaniona toka barabarani, hakupiga kelele, akaja mpaka nilipokuwa.

"Hakuna kitu," alisema. "Safi kabisa."

Nilitupa jembe. Sijui kueleza furaha ile kwa mtu ambaye hajawahi kuuogopa mwezi wake mwenyewe. Kwa miaka mingi nilihesabu siku kwa hofu, na kila nilipochelewa kidogo nilianza kuwaaga watoto moyoni. Siku ile nilikwenda jikoni nikasonga ugali mkubwa kuliko watu waliokuwepo.

Lakini siri ya hospitali haikai hospitalini. Siku ya soko, kule Nyakoe, mwanamke niliyezoea kuuziana naye ndizi aliniinamia sikioni. "Ni kweli Mwalimu amehasiwa?"

Watu wetu walimjua maksai. Ng'ombe dume akihasiwa huacha mambo ya majike, hunenepa na kuvuta jembe. Basi walimgoja Mwalimu anenepe na sauti yake iwe nyembamba. Naye aliimba kwaya katika kanisa letu, sisi tunaosali Jumamosi, na sauti yake ilikuwa ile nzito ya chini kabisa. Jumamosi iliyofuata kanisa lilijaa kuliko siku ya harusi. Hata wanaume waliozoea kukaa nje karibu na dirisha waliingia wakakaa mbele. Kwaya iliposimama, Mwalimu alivuta pumzi, akaiteremsha sauti yake mpaka nikaisikia kwenye ubao wa benchi niliyokalia.

"Kumbe!" alisema bibi mmoja nyuma yangu, kwa nguvu, na nusu ya kanisa ikaangua kicheko. Mchungaji alijifanya anatafuta ukurasa.

Tata hakucheka. Kesho yake alikuja, akaketi uani juu ya kigoda, akamwita mwanawe. Mimi nilikuwa jikoni, namenya ndizi.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, Tata."

"Umeikata nyumba yangu ukiwa hai."

Mwalimu alichuchumaa mbele yake.

"Kilichofungwa hufunguliwa," Tata alisema. "Kesho unipeleke kwa huyo daktari akufungue."

"Twende," Mwalimu alisema.

Lile "twende" lilinikosesha raha. Mume wangu hakuwa mtu wa kumkatalia baba yake mbele ya watu, nami sikujua kama lilikuwa heshima au kushindwa. Siku waliyokwenda nilichuma chai kama kipofu, majani machanga na makukuu pamoja, na pale kituoni wanaponunua chai karani akanirudishia nusu ya kikapu.

Waliyosemezana huko aliniambia Mwalimu baadaye. Daktari alimkaribisha mzee kwa heshima. Alimwambia kwamba kuunganisha mirija kunaweza kujaribiwa, Nairobi, na watu wenye mkono mwepesi sana, maana mirija yenyewe ni miembamba. Wengine hufaulu kuzaa tena, wengine hapana.

"Basi ajaribu," Tata alisema.

"Mzee, unajua kwa nini alikuja kwangu?"

Hakujua. Na angejuaje? Nani angemwambia baba mkwe habari za kizazi cha mke wa mwanawe? Yeye aliambiwa tu kwamba nilizidiwa, neno tunalolitumia hata kwa malaria. Daktari hakuwa mtu wa kwetu, heshima zetu hazikumfunga. Alimweleza yote kwa mikono yake miwili, jinsi nilivyochanika na jinsi walivyonishona nikiwa sina fahamu. Tata alivua kofia, akatazama sakafu mpaka mwisho.

"Mimba nyingine ingemuua?"

"Ingemuua."

Njiani Mwalimu alimwambia, "Tata, hata ningeunganishwa, sitaki mke mwingine." Mzee aliendelea kutembea.

Mimi nilikuwa mlangoni pa jikoni namenya ndizi, nikawaona wakitokea kwenye migomba jua likiwa bado juu, Tata mbele, mwanawe nyuma, na sikuweza kusoma uso wa yeyote. Mwalimu alipita kuelekea nyumbani. Tata alisimama mbali na mlango wangu, umbali uleule wa siku zote, akageuza uso akatazama shamba la chai. Nilifikiri anamsemesha mtu mwingine.

"Damu imekoma?"

Kisu kilinitoka mkononi. Kwa miaka yote ya ndoa yangu hakuwahi kuniuliza zaidi ya habari ya mvua na mifugo.

"Imekoma, Tata."

"Haya. Na ikome."

Akaenda zake. Niliketi chini palepale katikati ya maganda ya ndizi, na binti yangu mkubwa akaja mbio kuuliza kama nimejikata.

Tata hakuwahi kulisifu jambo lile. Mpaka anakufa alihuzunika kwamba mwanawe hana mvulana, na sikumlaumu. Lakini habari ya msichana wa Masimba haikutajwa tena, na alipogawa shamba alituonyesha mpaka wetu mbele ya ndugu wote, sawa na wanawe wengine. Wanaume nao walianza kuja kwa Mwalimu, mmoja mmoja, kwa kisingizio cha kuazima pampu ya baiskeli. Aliwajibu kila walichouliza, hata walichoona haya kukitaja, kisha akawaambia wakazungumze kwanza na wake zao. Wengine walikwenda Kisii. Wengine walirudisha pampu tu.

Wale mabinti watano wa kwanza niliwaachisha kunyonya kwa kupaka ziwa kitu kichungu, wakilia, kwa sababu kila mara kulikuwa na mwingine tumboni. Huyu wa sita alinyonya alivyotaka. Alikuwa akitembea, akisema, akifukuza kuku, kisha anakuja anapanda mapajani. Asubuhi moja alipanda, akanyonya kidogo, akaliachia ziwa mwenyewe, akashuka kwenda kucheza. Hakuomba tena.