Pombe Aliyokunywa Chuldim

Watu wanaosimulia habari za mume wangu Chuldim huanzia kileleni. Mimi naanzia jikoni, maana huko ndiko walikomharibu.

Alizaliwa hapa kijijini Phortse, mtoto wa mchunga yaki, ng'ombe wetu wa manyoya marefu. Ujanani alibeba mafuta ya taa na mahema ya wageni hadi kambi ya chini ya Chomolungma, mlima mrefu kuliko yote duniani. Baadaye wakamtanguliza kufunga kamba kwenye barafu, ili wageni wapande wakizishika. Wageni walirudi kwao wakaitwa mashujaa. Chuldim alirudi kwangu akakohoa hadi mavuno ya viazi. Nililima peke yangu, nikamzaa mwanetu Pemba peke yangu, na kila asubuhi alipokuwa juu nilichoma majani ya mreteni mbele ya nyumba ili arudi. Mwaka aliovunja rekodi ya mlima ule, kwa kufika kileleni mara nyingi kuliko mtu mwingine, barafu ilikula vidole vya mguu wake wa kushoto. Akaapa mbele ya moto wetu kwamba basi.

Kisha akaja Urken, binamu yake mwenye kampuni ya kupandisha wageni. Alishika chupa ya pombe ya shayiri, mdomo wa chupa umepakwa siagi. Kwetu, anayeleta chupa ya namna hiyo amekuja kuomba, na ukinywa umekubali.

"Shemeji, mbona umenuna? Nimekuja kusalimia tu."

"Salamu gani hiyo ya kupakwa siagi?"

Akacheka, akamgeukia mume wangu. "Kaka, yule jamaa wa bonde la Rolwaling amekufikia. Akipanda mwaka huu amekupita. Utakaa hapa unamenya viazi huku watoto wanaimba jina lake?"

"Ana vidole vyote huyo," nikasema. "Mwache apite."

Urken akamimina. Kwa adabu yetu mtu hukataa mara mbili, ya tatu ndiyo hukubali. Chuldim alikataa mara moja tu, akanywa.

Nikachukua chupa yangu, nikaipaka siagi, nikatoka nje na kuingia upya kama mgeni. Nikaketi karibu na mlango, wanapoketi waombaji, nikammiminia mume wangu mwenyewe.

"Kunywa, baba Pemba. Nakuomba ubaki."

Urken akapiga paja. "Jamani! Mke anamwomba mume kwa chupa? Kesho utampa nyingine akuletee kuni!"

"Angekuwa analeta kuni, ningekuwa hapa mlangoni?"

Chuldim hakucheka. Alifunika kikombe kwa kiganja. "Nimeshakunywa ya mwenzako," akasema. "Ya kwanza ndiyo inayofunga."

Ya kwanza! Mimi nilianza kumwomba tangu Pemba akiwa tumboni. Kosa langu ni kwamba niliomba mikono mitupu.

Akapanda. Rekodi ikabaki yake. Naye akashushwa ndani ya kapu mgongoni mwa mtu, mguu umekuwa mweusi, wakaukata chini ya goti.

Kijiji kikamfanyia sherehe kwenye ua wa hekalu. Wakamvisha mitandio myeupe ya heshima hadi mdomo ukafunikwa. Urken akasimama kuhutubia. "Na tumshukuru mkewe," akasema, "aliyemruhusu kwa moyo mweupe."

Nikainuka. "Mwongo wewe. Nilimkataza, ukanicheka ndani ya nyumba yangu."

"Shemeji, leo ni siku ya furaha..."

"Furaha ya nani? Wewe una miguu miwili."

Bibi mmoja akanivuta nguo. "Kaa chini, unamwaibisha mumeo."

Sikukaa. Ndipo Chuldim akaivuta ile mitandio ikashuka chini ya kidevu.

"Ni kweli," akasema. "Alinikataza mbele ya Urken. Nami nilimsikia vizuri."

Hakuna aliyepiga makofi. Nilimbeba mwenyewe hadi nyumbani, maana Urken ghafla alikuwa na wageni wa kusalimia. Njiani Chuldim akaniuliza sikioni kama nimemsamehe.

Nikamwambia asijitikise, njia ina mawe.